Mbio Zangu za Old Moshi

Jamani, leo nimeaibika mbele ya kitongoji kizima, na mpaka sasa sielewi kosa langu lilianzia wapi.

Mnajua presha yangu imepanda na nimeambiwa nifanye mazoezi. Raba nilinunua. Wiki ya tatu hii ziko mlangoni, safi kama zilivyotoka dukani. Jioni nakuwa na ari ya mwanajeshi. Alfajiri ikifika, yule wa jioni simwoni. (Nimemtafuta sana.) Nikadhani tatizo ni kule mjini Moshi, watu wananiangalia. Basi jana nikapanda kwa mama, Old Moshi, nikakimbie huko kwa amani.

Leo saa moja asubuhi nikatoka. Kushuka hadi kanisani kulikuwa raha. (Mteremko ndio uliokuwa unakimbia, si mimi.) Kugeuka sasa, nipande. Hatua hamsini tu kifua kinawaka, machozi yananitoka. Hapo nikakutana na Mama Anjela, jirani yetu, amebeba majani ya ng'ombe kichwani. Nikajaribu kumwamkia. Shikamoo ikagoma kutoka.

"Elisante, kuna nini? Mbona unalia?"

Nikanyoosha kidole juu, upande wa kwetu, maana yangu narudi nyumbani. Akautupa mzigo chini. Nilishangaa, lakini pumzi ya kuuliza sikuwa nayo. Nikajikokota mpaka kwenye kona, nikakaa juu ya jiwe, nikaapa kwamba mazoezi basi.

Mara namwona Mama Anjela anakuja mbio, kanga mkononi. Nyuma yake mumewe, Mzee Aloisi, na panga lake la kukatia migomba. Nyuma yao watu kama kumi. Wananipita.

"Mzee, kuna nini?"

"Unakaaje hapo? Mama yako!" akajibu bila kusimama.

Sikumbuki nilivyoinuka. Niliwapita wote. Nikakata katikati ya migomba na kahawa, raba moja ikabaki kwenye mfereji, naita mama kwa sauti ambayo sikujua ninayo.

Mama alikuwa amekaa barazani anamenya ndizi za mtori. Nikamkumbatia yeye na kisu chake.

"Nani amekufa?" akaniuliza.

"Si wewe?"

Watu wakafika, wakahema, wakatutazama. Mama akataka kujua nani kasema yeye amekufa. Nikamtaja Mzee Aloisi. Mzee akamtaja mkewe. Mkewe akaninyooshea kidole mimi.

"Nilikuwa nafanya mazoezi," nikasema.

"Mazoezi," Mzee Aloisi akarudia, kwa upole kabisa. "Na kulia ni sehemu ya mazoezi?"

Mama akaongeza ndizi kwenye sufuria, maana msiba haukuwepo lakini waombolezaji walikuwepo. Tukala wote. (Mimi nikiwa na kiatu mguu mmoja.)

Kinachonichanganya ni hiki. Ule mlima ulionishinda nilipoupanda kwa hiari yangu, niliumaliza muda mfupi baadaye bila hata kukumbuka kwamba nina kifua. Miguu ni ile ile. Moyo ni ule ule wenye presha. Nguvu hizo zilikuwa zimejificha wapi wiki tatu zote, na zinaitwaje zije bila kumtia mtu msibani? Nimejiuliza siku nzima, sijapata.

Msinicheke, tafadhali. Na mkiniona nakimbia, bakini mlipo.