Bi Mkubwa wa Duka la Mabaibui

Wenzangu, leo nimeadhirika. Tena si kule kuadhirika kwa kichochoroni ukajipa moyo kwamba hapana aliyeona. Nimeadhirika mchana, mbele ya watu, na simu zilikuwa juu zinarekodi. (Kama picha zimeshafika kwenu, zifuteni. Nakuombeni kwa heshima zote.)

Wengi mnamjua Shangazi Kazija, dada yake marehemu baba, ninayeishi naye pale Mtoni. Kwa asiyemjua: ni somo, mfundaji wa mabiharusi. Kuanzia Mtoni mpaka Bububu, ukikutana na mwanamke aliyeolewa, uwezekano mkubwa ni Shangazi aliyemfunda na kumsinga. Miaka minne iliyopita presha ya macho ilimchukulia macho yote mawili. Mikono haikuguswa. Singo ya kuwasugua mabiharusi anasaga mwenyewe, na maneno ya kumwambia mwari yote yamo kichwani, hayajapotea hata moja.

Tatizo ni njia. Mke wangu anafanya kazi hotelini Kiwengwa, anarudi siku zake za mapumziko tu. Watoto wako skuli. Wa kumshika mkono Shangazi ni mimi. Sasa hebu fikirieni: somo anaingia nyumba ya biharusi, mambo ya kike, siri za ndani, na nyuma yake limesimama janamume zima lenye masharubu. Huwa nakaa ukumbini natazama dari. Humo chumbani wananong'ona mpaka wanakauka koo. Miezi miwili iliyopita mama mmoja akamwambia kwa upole, "Bi Kazija, wewe tunakupenda. Lakini huyu redio yako, atatutangaza!" Harusi mbili zikaenda kwa somo mwengine. Shangazi alinyamaza siku tatu. Nyumba ilikuwa haikaliki.

Siku ya nne akapiga simu (bila ya kuniuliza) kwenye ofisi moja huko mjini inayowahudumia watu wenye ulemavu. Wakampa mwalimu, Mwalimu Raya, wa kumfundisha kutembea kwa fimbo nyeupe. Wiki sita wamezunguka vichochoro pamoja. Leo ilikuwa siku ya mwisho, na siku ya mwisho lazima aje mtu wa familia aangalie, naye afundishwe kidogo, kisha atie sahihi fomu. Swali lenyewe ni moja: familia inaridhia atembee peke yake? Bila ya sahihi hiyo hamalizi mafunzo, anarudi kwenye orodha ya kungojea.

Mwalimu Raya ni msichana mdogo, mpole, sauti ya chini. Alinieleza sababu bila ya kunizunguka. "Fimbo nyingi tunazotoa, kaka Mbarouk, zinaishia nyuma ya mlango. Mwenyewe anaweza. Nyumbani ndiko wanakomwambia kaa, utagongwa."

Nikaitikia kwa kichwa kama vile wanaosemwa ni watu wa mtaa mwengine. Maana nikubali ukweli: nilikwenda pale nimeshaamua kuandika "Bado". Jana usiku nilimwambia mke wangu kwenye simu, "Vespa za mjini zitamuua Shangazi." Akanijibu, "Mbona wewe hazijakuua?" Nikakata simu. (Mtandao ulikuwa mbaya.)

Tukatoka nje. Shangazi atangulie, sisi tumfuate. Njia ni fupi: unatoka mlangoni mwa ofisi, unakwenda na ukuta wa kulia mpaka baraza ya wanywa kahawa, unapinda kushoto, unafika duka la mabaibui, unarudi. Shangazi akaishika fimbo yake, akasema bismillahi, akaenda. Nami sikumfuata. Nilimpita, nikamgeukia, nikawa natembea kinyumenyume mbele yake nikipiga kelele.

"Jiwe! Shangazi, jiwe! Hapo kuna ngazi! Mtaro! Mtaro kulia!"

"Mbarouk," akasema bila ya kusimama, "jiwe nnalijua na mtaro nnaujua. Nnachokikwepa hapa ni wewe."

Mwalimu Raya akanivuta nyuma kwa adabu. Shangazi akaendelea. Ilikuja Vespa, akaisikia kabla yangu, akajibana ukutani, ikapita. Pale barazani akasimama, akanusa, akasema, "Mzee Shaali, kahawa yako leo umeiunguza." Wazee wote wakaangua kicheko. Akapinda, akafika, akarudi, hakugusa mtu. Nilitakiwa nifurahi. Badala yake nilihisi kama mtu aliyeachishwa kazi.

Basi nikafungua mdomo. "Yeye sawa, Mwalimu, lakini hii njia nyepesi. Mimi muongoza watalii, mwaka wa kumi na moja huu. Vichochoro hivi nnavijua hata nikifumba macho."

(Ningekuwa na uwezo wa kurudisha maneno kinywani, ningeyarudisha hayo.)

Mwalimu Raya hakubishana. Alifungua mkoba wake, akatoa kitambaa cheusi. "Vizuri sana. Na ndicho tunachowaomba watu wa familia wafanye. Njia ile ile aliyopita Bi Kazija." Akanifunga macho, akanipa fimbo. Nikaishika kama mtu anayegeuza mshikaki. Nikasikia Shangazi anavuta pumzi ndefu ya raha.

Hatua tano za mwanzo nilikuwa bingwa. Hatua ya sita ukuta uliondoka. Nakuapieni, ulikuwepo, kisha haupo! Nikatapatapa, nikaupata, nikaukumbatia. Mara honi ya Vespa. Nikajibandika ukutani, tumbo ndani, shahada mdomoni.

"Iko mbali hiyo," Shangazi akaniambia kutoka nyuma. "Imo kichochoro cha pili."

Nikaendelea, lakini sasa natanguliza mkono. Mkono ukafika juu ya kitu cha mviringo, laini, chenye joto. Nikakipapasa ili nijue nimefika wapi.

"Mwanangu," kile kitu kikasema, "hicho kichwa changu."

Alikuwa Mzee Shaali. Mkono wangu ukabaki pale pale.

"Kichwa umeshika, na salamu huna?"

"Shikamoo, mzee!"

"Marahaba. Haya, mkono uondoe."

Barazani pakachafuka kwa vicheko. Aibu ilinipata, lakini ya kichwa haikunikera kama ya salamu. Mama yangu alinilea vizuri, jamani! Nikajiapiza pale pale: kuanzia hapa, yeyote nitakayemgusa, salamu kwanza, mengine baadaye. Kumbukeni kiapo hiki, ndicho kilichonimaliza.

Nikapinda kushoto. Nikahesabu hatua. Mara nikamvaa mtu. Kitambaa laini, bega, na kwa chini kidogo mkono wa baibui. Mwanamke! Nimemvaa mwanamke wa watu, kifua kwa bega, katikati ya njia! Nikaruka nyuma.

"Samahani sana, bi mkubwa! Shikamoo!"

Kimya.

Nikajua nimemkera. Nikainamisha kichwa, nikalegeza sauti. "Shikamoo, bi. Niwie radhi. Nimefungwa macho, sikukusudia."

Kimya zaidi. Barazani nako vicheko vilikuwa vimekatika ghafla. Nikasikia mtu amepaliwa na kahawa. Nikafikiri, huyu ni mtu mzito, hata wazee wamemuogopa. Nikaona nijieleze kikamilifu.

"Mimi Mbarouk, bi. Wa Mtoni. Mtoto wa marehemu Mwalimu Othman. Nna mke na watoto wawili. Sina tabia hizi, waulize watu."

"Mbarouk," sauti ya Shangazi ikatoka nyuma yangu, "unamwamkia nani?"

"Bi mkubwa hapa, Shangazi. Nimemgonga, kakasirika."

"Hapo hapana mtu."

"Shangazi, taratibu, anasikia!"

"Mtu anahema. Mtu ana nguo zinanuka udi, au jasho, au sabuni. Huyo hanuki kitu. Hapana mtu hapo, nakwambia."

Mimi, kwa haya niliyokuwa nayo, nikasogea ili nimuombe radhi bi mkubwa na kwa maneno haya mapya ya Shangazi. Fimbo ikapita miguuni mwake. Nikamhisi anayumba. Anaanguka! Mtu mzima, kwa sababu yangu! Nikarusha mkono kumdaka, nikampata kiganjani, nikamshika kwa nguvu zangu zote.

Mkono ukatoka.

Wote. Kuanzia begani.

Nilipiga ukelele ambao sikujua kuwa ninao. "Nimemng'oa! Yallah, nimemng'oa mkono!" Nikararua kitambaa machoni. Mbele yangu amelala kifudifudi bi mkubwa mwenyewe: sanamu la duka, limevishwa baibui la nakshi za dhahabu, halina hata kichwa. Nilikuwa nimempa shikamoo mbili mtu asiye na kichwa. Mkono wake nimeukumbatia kifuani.

Mkosi haukuishia hapo. Nilipoinua macho, kichochoro kizima kimejaa watalii, na mbele yao ni Idi. Ndiyo, Idi huyu huyu aliyemo humu kwenye kundi letu, mwenzangu wa kazi. Watalii simu juu. Bibi mmoja wa Kizungu akamuuliza nilikuwa nafanya nini. Idi (Mungu anakuona, Idi) akamjibu kwa Kiingereza chake kwamba hivi ndivyo mwanamme wa Unguja anavyoomba uchumba. Wakanipigia makofi.

Mwenye duka akatoka mbio. Nikajaribu kuurudisha ule mkono. Hauingii. Nikausukuma, nikaugeuza, ukakaa kiganja kimetazama nyuma. Ndipo Shangazi akafika, tok tok tok na fimbo yake, akasimama karibu yangu.

"Nipe."

Nikampa. Akalipapasa sanamu bega, akalipata tundu, akauzungusha ule mkono mara moja tu, ukalia kap! Ukakaa. Akalitengeneza na baibui, akalivuta mikono likakaa sawa, kama anavyowafanyia mabiharusi wake. Kisha akaliambia, kwa sauti ya watu wote kusikia, "Umsamehe, bi. Huyu ndiye anayenilinda."

Mzee Shaali alilazimika kushikiliwa kwa kicheko.

Tukarudi ofisini. Mwalimu Raya hakucheka, na namshukuru, ingawa alikuwa anatazama ukuta kwa muda mrefu kuliko kawaida. Akaniwekea fomu na kalamu.

Nataka niseme hili bila ya utani. Kile kitambaa kilikaa machoni mwangu labda dakika kumi. Niliogopa. Niliogopa ukuta, niliogopa honi, na zaidi niliogopa kuwa watu wananiona na mimi siwaoni. Shangazi amekaa humo gizani miaka minne, na miaka yote hiyo mimi nikimkamata kifundo cha mkono na kumburura kama mtoto aliyechelewa skuli, nikijiita mlinzi. Sikuwahi hata siku moja kumuuliza anataka ashikwe vipi. Niliona haya kuliko nilivyoona kule dukani.

Nikaandika "Ndiyo". Nikatia sahihi.

"Kaandika nini?" Shangazi akauliza.

Mwalimu Raya akamsomea. Shangazi akainama kwenye pochi yake, akawa anatafuta kitu muda mrefu, na najua mle ndani hamna kinachohitaji kutafutwa hivyo.

Kisha akasimama. "Haya. Mwari wa Vuga ananingoja."

Nikasimama na mimi. "Twende nikufikishe."

"Kwani sasa hivi umetia sahihi kitu gani?"

Nikakaa.

Akaenda. Njia ya Vuga wameifanyia mazoezi na Mwalimu Raya wiki mbili nzima, lakini mimi roho haikutulia. Nikampa hatua thelathini, nikavua viatu nikavishika mkononi ili asinisikie, nikamfuata. (Ndiyo. Pekupeku, mtu mzima, mjini. Siku ilikuwa imeshaharibika, ningepoteza nini?) Alipita wauza matunda, alipita wanafunzi, akamngoja mwenye mkokoteni apite. Mara mbili alisimama kuhakikisha njia, mara mbili moyo wangu ukasimama naye. Akafika kwenye mlango wa nyumba ya biharusi, akaugusa kwa fimbo, sawasawa. Kabla ya kubisha hodi akageuka.

"Mbarouk, vaa viatu. Utachomwa na msumari."

Sijui alijuaje. Nikavaa.

Mlango ukafunguliwa. Nikasikia mama mwenye nyumba anauliza kwa mshangao, "Bi Kazija! Peke yako leo?" Na Shangazi akajibu kwa sauti ambayo sijaisikia tangu alipopoteza macho, "Peke yangu." Wakaingia. Mlango ukafungwa, na mara hii wala hawakunong'ona. Hazikupita dakika mbili, nyumba nzima ikalipuka kwa vicheko, vicheko vya wanawake ishirini, na mmoja akapaaza sauti, "Mkono mzima?!"

Ndiyo maana nimekuandikieni mwenyewe mapema. Wake zenu wengine wamo mle ndani, na wakirudi nyumbani nakuombeni mjifanye hamjui lolote. Shangazi kaenda kazini bila ya mimi kwa mara ya kwanza, na mada ni mimi.