Bwana Arusi wa Boksi

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Nimepata wazo! Kwa muda mrefu nampenda Cibalonza, kiongozi wa klabu yetu ya kosplei, ya kuvaa na kuigiza wahusika, hapa mtaa wa Mapendo, naye ananiita "kaka Cirimwami" kana kwamba tumenyonya ziwa moja. Basi kikaoni nimependekeza picha za arusi. Yeye awe bibi arusi. Bwana arusi tutamtafuta, nikasema, huku nikinyoosha tai yangu mpya. Nani mwingine ana tai? Fortunat, mwenzetu wa klabu, ana kamera tu, na mpiga picha haingii pichani. Amekwisha huyo.

Jumatano, tarehe 5 Juni

Cibalonza amekubali! Amenichagua mimi, tena kwa kicheko kizuri. Halafu akatusimulia hadithi aliyoitunga: msichana anaolewa na roho ya volkano. Roho haina uso. Kwa hiyo bwana arusi atavaa boksi la sabuni kichwa kizima, limepakwa makaa, na matundu mawili ya macho. Na mimi nimenyoa jana! Nimeomba angalau tundu la mdomo, tabasamu langu lionekane. Amesema volkano haitabasamu. Fortunat amecheka mpaka akashika ukuta. Nimemsamehe. Hapana, sijamsamehe.

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Nimelegeza boksi kwa siri ili kesho, siku ya picha, lianguke lenyewe, kwa bahati mbaya, wakati ananitazama machoni. Akili hizi, sijui nimezirithi kwa nani. Mama anasema si kwake.

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Cibalonza ameona boksi linacheza. Ameligandisha shingoni mwangu kwa utepe wa gundi, mizunguko mingi. Nilipumua sabuni siku nzima.

Tulikwenda kijijini Munigi kupiga picha, kwa pikipiki, yeye mbele na shela linapepea. Nani Goma amwone bibi arusi asipige honi? Motari mmoja, dereva wa pikipiki ya abiria, akajiunga, akaja mwingine, mpaka tukawa msafara. Munigi akina mama waliacha viazi vyao wakapiga vigelegele. Mmoja aliuliza kwa nini bwana arusi amefichwa. Motari akamjibu labda ana sura mbaya. Nilipaza sauti kwamba mimi ni mzuri! Boksi lilimeza maneno yote. Hakuna aliyewaambia watu kwamba ni mchezo. Cibalonza alikuwa anacheza nao.

Juu ya makoro, yale mawe meusi ya volkano, sikuiona miguu yangu. Nikaanguka. Cibalonza akanishika mkono. Fortunat alipiga picha, akashusha kamera, na mkono wangu bado ulikuwa mkononi mwa Cibalonza. Naandika haya kwa mkono huohuo. Nina furaha mno!

Jumatatu, tarehe 10 Juni

Balaa! Picha za simu za wale motari zimefika Bukavu kabla ya zetu kufika popote. Ukoo wa Cibalonza huko unauliza ndoa ilifungwa kanisa gani. Muzee Laurent, baba mdogo wa Cibalonza aliyemlea, ametuita klabu nzima nyumbani kwake.

Alisema mutoto wao amevaa robe, amepigiwa honi barabara yote, batu bameona, na kwao iyi haiko muchezo. Aliyekuwa ndani ya boksi asimame. Alete mbuzi wa kuomba radhi, kisha aketi kama mtu aliyekuja kuposa.

Yaani mlango wote wazi! Cibalonza angeweza kulitaja jina langu. Hakulitaja. Aliniangalia tu. Nami nikawaza mbuzi. Mbuzi anafungwaje kwenye pikipiki? Na kama Muzee ana fimbo? Nikaangalia viatu vyangu. Nikasema boksi ni boksi, mtu yeyote angeweza kuwemo.

Fortunat akasimama. "Ni miye, Papa."

Mwongo! Kama alikuwa ndani ya boksi, nani alipiga picha? Nilifungua mdomo. Muzee akaniuliza kama nina neno. Nikaomba maji ya kunywa.

Jumapili, tarehe 16 Juni

Fortunat amemleta mbuzi kutoka mji wa Kiwanja, mnene, mwenye kelele, pamoja na pombe ya ndizi ya wazee. Cibalonza alikuwa amenuna. Kisha mbuzi akaanza kula tai ya Fortunat (kumbe naye amenunua tai!), na Cibalonza akacheka. Kicheko kilekile cha Jumatano. Kimeniuma sana, sitaficha.

Nilimkuta Cibalonza getini. Alisema taratibu: "Kaka Cirimwami, nilikungojea. Fortunat njo alisimama." Akaingia ndani.

Nimelia kidogo. Sasa nimemaliza, maana nimepata wazo!

Wazee wamekubali posa ya Fortunat, na arusi yao ni Agosti. Mji mzima unamjua bwana arusi wa boksi, kwa hiyo wameamua Fortunat aingie ukumbini na boksi kichwani, watu wafurahi. Na boksi linatunzwa na nani? Na mimi! Nimepima: mabega yetu ni sawasawa. Kazi yangu ni kumchelewesha tu nje, mahali fulani, na mbuzi fulani.

Kila kitu tayari. Safari hii nimetoboa na tundu la mdomo, nisikike nikisema ndiyo.