Mpango wa Kujikaza Kisabuni

Kwa furaha isiyo kifani, Idara ilitangaza kwamba ifikapo mwisho wa robo ya mwaka watumishi wake wote watakuwa wamejikaza kisabuni. Utaratibu ulikuwa mwepesi. Mtumishi atasimama mbele ya wenzake, atakosolewa na Mkurugenzi, kisha atajibu, "Asante, nimepokea." Atakayesema "lakini" atahesabiwa dhaifu wa kitaasisi, atapelekwa ghala la viti vibovu akajijenge upya, na likizo yake itasubiri mpaka afaulu.

Mama Chapa, mpiga chapa wa Idara, hakuwa na ugomvi na maendeleo. Ila binti yake alikuwa karibu kujifungua mtoto wa kwanza, na likizo aliihitaji jana. Mtihani alikuwa ameshaanguka mara mbili. Kwanza aliambiwa anachelewa kazini. "Lakini ufunguo wa lango unakaa nao wewe, mzee!" Ghalani. Kisha akaambiwa barua anazochapa hazina kichwa wala miguu. "Lakini si wewe unayenisomea nikichapa?" Ghalani tena, akae na viti vya miguu mitatu.

Binti akapiga simu. "Mama, unakuja lini?"

"Nikishajikaza, mwanangu."

"Ujikaze wewe au mimi?"

Mama Chapa alikata simu, akalia kidogo, akajifuta kwa upindo wa kanga.

Siku ya mtihani wake wa tatu Katibu Mkuu alikuja kujionea mafanikio. Mkurugenzi, shingoni tai mpya, alimsimamisha Mama Chapa mbele ya ukumbi.

"Huyu ni mbishi," alieleza kwa upendo wa kitaalamu. "Mvivu. Anachapa kama anayechambua mchele, na chai yake inanuka moshi."

Chai! Chai ile Mkurugenzi hunywa vikombe viwili kabla hajavua koti. Mama Chapa alihisi "lakini" ikimpanda kooni. Akamfikiria mjukuu, akaimeza nzimanzima.

"Asante, nimepokea."

Makofi yakalia. "Amefaulu, apewe likizo," alisema Katibu Mkuu. "Sasa zamu ya Mkurugenzi, mama amkosoe. Mpango unasema watumishi wote, au siyo?"

Mkurugenzi alicheka. "Karibu, mama. Usiogope. Mimi ndiye mlezi wa ustahimilivu hapa."

"Haya mzee, siogopi. Tulipokuambia choo chetu hakina maji, ulinuna wiki nzima, ndipo ukatuletea mpango huu. Na kwenye vikao unakoroma."

"Lakini mimi sikoromi!" Mkurugenzi aliruka. "Natafakari kwa sauti!"

Kutoka mlangoni dereva wake akanong'ona, "Mkuki kwa nguruwe..." Hakuna aliyemmalizia, kila mtu alikuwa akitazama viatu vyake.

"Utaratibu ni utaratibu," alisema Katibu Mkuu, akaomba aonyeshwe ghala liko wapi.

Jioni Mama Chapa alipita hapo na begi lake la safari. Mkurugenzi alikuwa amekalia kiti cha miguu mitatu, mgongo ukutani ili asianguke.

"Mama Chapa, mwanamke mwema, kaniombee kwa Katibu Mkuu. Mwambie nimeshajijenga. Yote nimeyapokea. Choo hakina maji, ni kweli. Nakoroma, ni kweli, lakini..."

"Anza upya, mzee," alisema Mama Chapa kwa upole, akaenda zake kwa mjukuu.