Kitanda Chenye Kibandiko cha Bei

Ijumaa, 14 Agosti

Tumefika. Mgongo unauma, miguu imevimba kwa kukaa kwenye basi, lakini tumevuka mpaka na tumefika. Mimi na binti yangu, Kifungo. Ana miaka mitano. Jina hilo nilimpa kwa sababu alizaliwa mdogo kama kifungo cha shati, na mimi ni fundi cherehani, sina mifano mingine.

Chanzo cha safari hii ni wifi yangu. Mwezi wa nne alikuja mji huu na kundi la watalii, akarudi na picha za vifungua kinywa. Mji huu huu niliokulia mimi hadi darasa la nne, baba alipokuwa akiendesha mashine ya sinema. Yeye kakaa siku tatu, sasa ndiye anayenielekeza barabara. Nikamwambia na sisi tunakwenda, tena tunafikia hoteli kubwa. Mume wangu alinitazama tu, akaendelea kupiga pasi.

Hoteli yenyewe ni chumba ghorofa ya nne, lifti imekufa. Kitanda kimoja, kimebonyea katikati, mkilala lazima mkutane. Kifungo kauliza bwawa la kuogelea liko wapi. Nimemwonyesha ndoo.

Jumamosi, 15 Agosti

Mpango wa leo: kumwonyesha mtoto mji wote kwa miguu, bure. Naujua kama kiganja changu. Kumbe kiganja kimebadilika. Palipokuwa na kiwanda cha mikate pana benki. Shule yangu ni maegesho ya magari. Nilitaka kumwonyesha dirisha la darasa letu, nikabaki namwonyesha gari jeupe. Tukazunguka mpaka akaketi kwenye ngazi za jengo moja, akasema hatembei tena, nimwitie baba yake.

Nikaketi naye. Ngazi za mviringo, ukingo wake wa shaba. Makalio yangu yalizitambua kabla ya macho. Hapa ndipo nilipokuwa nikimsubiri baba baada ya shule, nikimenya chungwa, maganda nayaficha mfukoni ili mfagiaji asinifukuze. Sinema ya baba.

Sasa ni duka la samani. Tukaingia kukimbia jua. Palipokuwa na viti vya watazamaji wamepanga vyumba vya kulala vya maonyesho: kitanda, taa, zulia, pazia lisilo na dirisha. Moyo uliniuma. Halafu akili ikanicheza. Nikamvua Kifungo viatu, nikamlaza katikati ya mito, nikampiga picha, nikamtumia wifi. Nikaandika kwamba ndicho chumba chetu, kidogo, lakini kinatosha.

Muuzaji, mama mmoja mwenye futi ya kupimia shingoni, akaja kuuliza kama tunahitaji msaada. Nikasema mtoto anajaribu godoro. Akasema mtoto kalala. Kweli, alikuwa anakoroma. Tukasimama wawili tukimtazama. Muuzaji akanong'ona nimwache kidogo, meneja kaenda kula.

Jioni wifi kajibu. Anauliza hoteli gani hiyo, mbona kitanda kina kibandiko cha bei, tena imepunguzwa. Nimeikuza picha. Kibandiko kimekaa juu ya kichwa cha mwanangu kama taji. Nimewaza weee, kisha nimemjibu kwamba hoteli kubwa siku hizi, mgeni akikipenda kitanda anauziwa.

Nadhani nimemweza.

Jumapili, 16 Agosti

Sikuweza kuondoka bila kupanda kwenye chumba cha mashine. Baba kafariki mwaka jana, na Kifungo anamkumbuka kwa kikohozi tu. Nilitaka awe na kitu kingine cha kumkumbukia babu yake.

Mpango: kujifanya mnunuzi wa kabati. Duka liko wazi hata Jumapili. Nikamwambia yule muuzaji kwamba haya ya chini siyapendi, hana mengine ghorofani? Akasema ghorofani ni stoo. Nikasema mimi napenda vitu vya stoo. Akauliza ukuta wangu una upana gani. Mimi, niliyepima viuno maisha yangu yote, nikataja upana wa kiuno.

Akashusha futi yake. "Dada, unatafuta nini hasa?"

Nikamwambia. Nilikusudia maneno machache, yakatoka mengi, na pua ikaanza kuvuja. Akatoa funguo.

Chumba kimejaa magodoro. Lakini matundu mawili ukutani, yanayotazama chini dukani, bado yapo, lile la mashine na lile ambalo baba alichungulia. Nikamnyanyua Kifungo kama baba alivyokuwa akininyanyua. Enzi hizo sikuweza kusoma upesi maandishi ya chini ya picha, kwa hiyo baba alinisimulia, mengine akitunga. Kwa miaka mingi niliamini kila filamu ina punda.

"Unaona nini?" nikamuuliza.

"Mzee kalala kitandani na viatu."

"Huyo ni mfalme. Kachoka na vita."

"Na yule anayegonga meza?"

"Mkewe. Kuna hazina imefichwa humo."

Kifungo akacheka mpaka paji la uso likagonga ukuta.

"Sasa ngoja," nikasema. "Punda anakuja."

Mikono ilikuwa inawaka moto. Sikumshusha. Muuzaji naye alikuwa amesogea kwenye tundu la pili, anamsubiri punda.

Tulipoaga alinipa kadi ya duka, kwa ajili ya siku nitakayopata ukuta.

Jumanne, 18 Agosti

Tulirudi jana. Kifungo anautangazia mtaa kwamba babu yake alikuwa na jumba la vitanda na wafalme. Asubuhi nilijiapiza: simdanganyi wifi tena.

Mchana akaja. Hakuja kunicheka. Kile kitanda kakipenda, kamwonyesha na mumewe. Mwisho wa mwezi wanakwenda wote wawili. Wanataka hoteli ile ile, chumba kile kile, na kitanda wakinunue kabisa. Ananiomba niwashikie nafasi, kwa kuwa mimi najulikana pale.

Ningeweza kusema ukweli. Mume wangu alikuwa mlangoni ananitolea macho. Nikasema hakuna shida, wifi, wewe funga mizigo.

Alipotoka tu nikatafuta ile kadi, nikampigia muuzaji. Nimemuuliza kama kati ya vile vyumba vyao kipo hata kimoja chenye mlango.