Ng'ombe Aliyefuata Mwongozo

Mkurugenzi wa Kitengo cha Uratibu wa Mifugo Iliyoumwa na Nyoka alipanda jukwaani na kutangaza kwamba, kuanzia siku hiyo, hakuna mnyama atakayeruhusiwa kufa kwa sumu bila kufuata utaratibu. Wageni walipiga makofi. Naye alijipigia kidogo, maana hotuba ilikuwa yake.

Kwa maonyesho alikuwa ameazima ng'ombe wa mama mkwe wake, huyo huyo mmoja aliyekuwa akimlisha mama wa watu. Nyoka alikuwa kipande cha mpira wa maji, kimelazwa kwenye nyasi.

"Dalili ya kwanza," alisoma, "uvimbe wa ghafla, hasa puani."

Pua ya ng'ombe ikavimba.

"Ya pili, kutokwa na udenda."

Udenda ukachuruzika. Mkurugenzi alijaa raha. Tangu aajiriwe hakuwahi kuona mtumishi anayefuata mwongozo kiasi kile.

"Huu ndio utekelezaji!" akawaambia wageni.

"Mkwe," mama mkwe alisema kutoka safu ya nyuma, "ng'ombe wangu haigizi."

"Tulia, mama. Yuko ukurasa wa nne."

"Na yule nyoka anayeingia chini ya meza yako, yuko ukurasa wa ngapi?"

Mkurugenzi alijikuta juu ya meza, viatu vyake vikiukanyaga mwongozo. Huko huko juu akakariri kwa sauti: mnyama asitembezwe, jeraha lisichanjwe wala kufungwa kamba, aitwe daktari wa mifugo haraka.

Watu wote wakamtazama. Daktari wa mifugo alikuwa yeye.

Dawa ya kuzuia sumu ilikuwapo kwenye friji ya kitengo, mpaka asubuhi ile alipoamuru itolewe ili maji ya wageni yapoe. Chupa zilikuwa dirishani, zinaota jua. Alimtuma dereva mbio kwenye duka la dawa za mifugo ng'ambo ya barabara, kisha, dereva aliporudi na dawa nyingine, akapiga magoti na suti yake, akashika sindano aliyoachana nayo tangu apandishwe cheo. Alikosa mshipa mara mbili. Alimwogopa nyoka, alimwogopa ng'ombe, na kuliko wote alimwogopa mama mkwe.

Kesho yake ng'ombe alisimama, akala nyasi. Mkurugenzi alilia waziwazi.

Wakubwa walisifu sana maonyesho yale, wakaagiza yarudiwe kila wilaya. Mkurugenzi akaenda kupiga hodi kwa mama mkwe kumwazima ng'ombe tena, sauti imemshuka.

"Ng'ombe yuko likizo ya ugonjwa," mama mkwe alimjibu, akimpapasa mgonjwa shingo. "Lakini kazi isilale, mkwe wangu. Nafasi yake utakaimu wewe."

Mkurugenzi, ambaye maishani mwake hajawahi kukataa cheo, alishukuru.