Wakazi Kumi na Wanne wa Ukoo wa Mayiolo

Jumatatu, 3 Juni 2024

Nimepata! Nimepata kazi ya serikali! Mimi, Simeo, mwenye kibanda cha kuchaji simu hapa Mazingara! Mtendaji wa kijiji, dada Filomena, kaleta vishikwambi viwili ofisini. Kila mkazi anaandikwa upya, kielektroniki. Kitongoji kikifikisha watu mia mbili kinachimbiwa kisima. Kauliza nani anajua Kimasai, aandikishe wafugaji wa kitongoji cha Mnadani. Nikamwona Fabiani, mwalimu mstaafu anayedhani kijiji kizima bado ni darasa lake, anajikohoza. Nikasimama kabla hajamaliza kukohoa. Nikasema nakifahamu kama Kishambaa cha mama yangu.

Ninachokijua ni salamu. Lakini kishikwambi ninacho mkononi! Kina jalada la mpira na nembo.

Mke wangu Yasinta kaniuliza Kimasai nimejifunzia wapi, maana miaka tisa ya ndoa hajanisikia. Nikamwambia mume hamalizwi kujulikana.

Jumanne, 4 Juni

Masomo! Nimefunga kibanda siku nzima. Kuna kijana karekodi mafunzo ya Kimasai, yapo kwenye simu. Nimechagua sentensi moja tu, ile ya kuuliza jina. Nimeirudia mara mia. Yasinta katoka jikoni na kikombe cha maji, alidhani nimepaliwa.

Habari kubwa: atakayeandikisha watu wengi zaidi kati yangu na Fabiani, aliyepewa kishikwambi cha pili, anapelekwa Korogwe kufundisha wenzake. Korogwe! Nilikofeli mtihani wa kidato cha pili mara mbili! Nimeshajiona mbele ya ukumbi, kalamu mfukoni, nawauliza kama kuna swali.

Fabiani ameanza Bondeni kwa wakulima. Watu sitini na mmoja kwa siku moja. Bahati tu.

Jumatano, 5 Juni

Ushindi! Nimefika Mnadani asubuhi. Wanaume wako machungani, vijana wako lamboni, mabomani wamebaki bibi wazee. Wengi hawajui Kiswahili. Nasha, mkwe wa mzee Moreto, mwenyekiti wa Mnadani, ndiye anayewatafsiria siku zote, lakini alikuwa kliniki na mtoto. Afadhali! Angeniharibia.

Nikamwuliza bibi wa kwanza jina lake, kwa ile sentensi yangu. Akanitazama sana. Akajibu, "Mayiolo." Nikaandika Mayiolo. Wa pili, Mayiolo. Wa tatu vilevile! Walipofika kumi na wanne nikaelewa: huu ni ukoo mmoja mkubwa, na hakuna aliyewahi kuugundua kabla yangu! Nilipouliza miaka ya kuzaliwa wakacheka, basi nimewapa wote 1 Julai 1955. Tarehe nzuri.

Wakaninywesha maziwa ya moto, kibuyu kizima. Mmoja akanishika paji la uso. Wananipenda hawa watu!

Alhamisi, 6 Juni

Waliobaki wanajua Kiswahili, nimewafuata lamboni na machungani, kila mmoja akanitajia nyumba yake nzima, kazi imekwisha kabla ng'ombe hawajarudi. Mnadani mia mbili na saba! Bondeni ya Fabiani mia mbili na tano! Nimempita kwa wawili. Nikaenda kumpa pole. Hakunikaribisha kiti.

Nimempa Yasinta suruali yangu nyeusi aipige pasi.

Jumamosi, 8 Juni

Balaa.

Filomena kaniita ofisini. Fabiani yupo. Mzee Moreto yupo, na fimbo yake magotini. Nikatoa shikamoo. Akaitikia polepole mno.

Filomena akasema mfumo umekuta mwanamke mmoja Mnadani kajiandikisha mara kumi na nne. Umefuta kumi na tatu. Wamebaki mia moja tisini na wanne. Bondeni wanapata kisima, Mnadani hawapati.

Nikaruka! Nikasema mfumo umekosea, haujui koo za watu! Nikamgeuzia mzee kishikwambi aone mwenyewe. Akasoma, kidole kikishuka mstari kwa mstari.

"Simeo, hapa umeandika nini?"

"Jina la ukoo, mzee."

"Hiyo ni 'sijui.' Walikuwa wanakuambia hawajui unasema nini."

Fabiani alicheka mpaka akashika ukuta. Wengine hawakucheka. Mzee akasema mke wake anatoka na punda adhuhuri kufuata maji na kurudi magharibi, na mke wake ni mmoja wa hao kumi na wanne. Kwa serikali sasa hayupo. Akaniuliza amweleze nini akirudi.

Nikakirudisha kishikwambi mezani, taratibu.

Filomena kasema marekebisho yanafungwa Jumatatu saa sita mchana. Kishikwambi kapewa Nasha. Nimeomba nimbebee betri ya akiba. Wamekubali kwa shida.

Jumatatu, 10 Juni

Huyu Nasha hana haraka kabisa! Saa zinakimbia, yeye anakaa chini kwanza. Anauliza watoto, anauliza ng'ombe, ndipo anauliza jina. Mwaka wa kuzaliwa anautafuta kwa ukame: ulikuwa umebeba mtoto, au ulikuwa unabebwa? Kila bibi kumbe ana majina matatu, na hakuna mawili yaliyofanana. Bibi mmoja alikuwa Mzigua kabisa, kaolewa huku zamani. Nasha akageuza, akaongea naye Kizigua. Kimasai, Kizigua, Kiswahili, kwenye mkeka mmoja!

Kisha bibi wote wakanitazama wakauliza kitu. Nasha akacheka. Wanauliza kama yule mgonjwa wa koo kapona. Maziwa yale yalikuwa dawa!

Akatuma saa tano na dakika arobaini. Tukasimama wote tunatazama kile kiduara kikizunguka. Kikazunguka. Kikazunguka! Mia mbili na saba! Mke wa mzee Moreto alipiga kigelegele, na mimi nikajikuta nalia kama mjinga. Kisima kimerudi Mnadani!

Jioni nimeomba radhi mkutanoni, mbele ya kijiji. Mzee Moreto kanipa mkono. Korogwe anakwenda Nasha, na amestahili. Nimejifunza. Naapa, nimejifunza!

Jumatano, 12 Juni

Korogwe. Nipo kwa dada yangu Asnath, kijiji kinisahau kidogo.

Asubuhi nimepita ofisi moja ya upimaji ardhi, nikaona tangazo mlangoni. Wanatafuta mtu wa kurusha ndege nyuki, zile ndege ndogo za kupiga picha mashamba kutoka juu! Picha za serikali! Mtu unasimama chini, dunia nzima unaiona!

Nimejaza fomu palepale. Uzoefu: miaka sita. Wameniita Ijumaa saa mbili, nikawaonyeshe juu ya uwanja wa mpira, mbele ya mkuu wao.

Asnath kaniuliza nimewahi hata kuiona. Nimemwambia aache mambo ya woga, bado siku mbili nzima. Sasa namtafuta mtu wa kuniambia inawashwa wapi.