Kilio cha Kijana wa Kwenye Fulana

Magloire hakuwahi kuvunja mlango wa mtu. Watu wa Kasongo walimfungulia wenyewe, wakamkaribisha kiti, na akiondoka na vitu vyao walimshukuru. Asubuhi hiyo alikuwa amekaa juu ya pikipiki yake nyekundu, mali pekee aliyoipata kwa jasho lake, akisubiri abiria, ndipo akamwona Sarah-Grâce barazani kwa bibi yake.

Binti huyo alizaliwa Amerika. Baba yake, Déo, alikuwa amebaki Kindu akihangaikia karatasi, akamtanguliza kwa bibi, Mama Régina. Kifaransa hajui, Kiswahili hajui. Kutwa alikaa na muziki masikioni, machozi yakimtiririka. Fulana yake nyeusi ilikuwa na sura ya kijana mwenye nywele za kusuka, na mgongoni tarehe.

Sasa, wewe uliyewahi kuzika mtu huku kwetu, fulana ya namna hiyo unajua inavaliwa lini. Mama Régina naye alijua. Alikwisha kujifunga kitambaa cha msiba, bado tu kuambiwa amefiwa na nani.

Magloire aliwahi kuuza mitumba Kampala, akaokota Kiingereza huko. Akamwuliza binti. Binti akaeleza kwa kwikwi kwamba kijana huyo ni mwimbaji, na ameliacha kundi lake. Basi, ni hilo tu. Kumbe kuna watu wana nafasi ya kulia.

"Anasema nini?" bibi akauliza.

Magloire akavua kofia. "Mama, ilikuwa bwana yake. Amekufa." Akameza mate, akaona kuku na mchele kwa macho ya moyo. "Na ukoo yake ni sisi. Ni mutoto ya baba yangu mukubwa, ule alienda Amerika."

Kilio kikawekwa uani kwa Magloire, maana ndiye mfiwa. Wa msikitini wakaja, wa misheni wakaja, kila mtu na chake: kuku, mchele, mawese. Magloire alilia kuwashinda wote. Alizimia mara mbili, ya pili kwa kuombwa. Sarah-Grâce akauwasha wimbo wa kijana huyo kwa sauti kubwa, akina mama wakaangua kilio upya. Aliguswa sana maskini. Kwao baba yake humcheka tu, na hapa mji mzima unalia naye.

Ndipo akafika Théophile, mdogo wake Déo, kutoka Nyangwe. Hakulia. Alimsogelea mfiwa akamwuliza kwa upole:

"Bwana ya mutoto yetu, mahari alipatia nani?"

Mkwe asiyetoa mahari haliliwi. Ukoo wake utoe kwanza. Magloire akautazama umati uliokwisha kumpa kuku zake, akaona heri kuwa ndugu wa marehemu kuliko kuwa mwongo. Chakula chote kikahamia kwa Mama Régina, na pikipiki ikafuata. Safari hii machozi ya Magloire yalikuwa ya kweli.

Baada ya siku chache Déo akafika, akasikia habari, akacheka mpaka akakaa chini. Mwimbaji yu mzima, na hata mke hana. Magloire akaja mbio, kwa miguu, kudai pikipiki yake: si wamesikia wenyewe kwamba hakuna aliyekufa?

Théophile alikuwa anaipangusa taa ya mbele.

"Tumesikia, na tumefurahi sana," akasema. "Ambia ndugu yako mahari ilifika. Akuje kuchukua muke yake."